Somo kwa Somo

Katika ukoo mzima, watu wawili ambao hakuna aliyetegemea waishi nyumba moja ndio waliobaki humo: mwanamume mmoja na mama mkwe wake. Mama alikuja ugenini kumuuguza binti yake. Binti akafa. Wakazika, waliokuja kutoa pole wakaaga mmoja mmoja, na mama hakuaga. Hakuna aliyemwambia abaki, wala aliyemwambia aondoke. Yeye alilala chumbani, mkwe akalala sebuleni kwenye kochi, na asubuhi walipishana kwenye korido nyembamba kila mmoja akitazama chini, kwa heshima na kwa kukosa la kusema.

Kazini mwanamume yule aliitwa Hadubini. Kwao alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali kubwa, mtu wa kusoma damu. Daktari akichanganyikiwa na homa ya mgonjwa, kioo chenye tone la damu kilipelekwa kwake, naye ndiye aliyesema kilichomo na kisichomo. Huku ugenini nako alipata kazi hospitalini, ila chini kabisa ya jengo, katika chumba cha kufulia. Shuka zilishuka kwa bomba kutoka wodini, zikaingia mashineni, zikatoka zikifuka mvuke, naye akazikunja. Alikuwa na tabia ya kuinua kila shuka kwenye taa na kuikagua kabla ya kuikunja. Siku moja msimamizi akapasua kicheko: "Jamani, huyu anatafuta vijidudu! Hadubini kabisa!" Jina likanata. Hakuna pale aliyejua kwamba mtu huyo aliwahi kuwa na hadubini ya kweli, na yeye hakuona haja ya kuwaambia.

Maabara ya hospitali ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo. Hakuwahi kupanda.

Tangu mkewe afe, Hadubini hakuwa na huzuni, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lenyewe. Watu walimwambia ajikaze, naye alikuwa amekazika tayari bila jitihada. Wengine walimwambia alie, akajaribu, akakuta kisima hakina maji. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi: upo, ni wako, lakini ukiugusa ni kama unagusa wa jirani. Makaburini alitazama viatu vya mchimba kaburi, akaona kamba ya kushoto imefungwa mafundo mawili na ya kulia moja. Mpaka leo ukimuuliza kuhusu siku ile, hilo ndilo atakalokueleza.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani mstaafu, mwanamke mrefu mwenye ulimi wa sindano. Kwa muda alinyamaza kwa sababu ya msiba. Halafu asubuhi moja, mkwe akiwa anakunywa chai amesimama, akaita:

"Baba."

"Naam, mama."

"Vile vyeti vyako vilivyo chini ya kochi, vinaatamia?"

"Vinafanya nini?"

"Nauliza kama vimelalia mayai. Maana kama ni kuku ndiye angekaa pale muda wote huu, sasa hivi tungekuwa na vifaranga."

Ilikuwa kichekesho, na Hadubini alijua kwamba ni kichekesho. Tabasamu likaja, lakini lilichelewa; lilipofika usoni mama alikuwa ameshageuka kuosha kikombe.

"Marehemu kila akinipigia simu alisema, mama, mume wangu atarudi kwenye kazi yake," mama akaendelea akiwa amempa mgongo. "Kila simu. Kufua si aibu, mimi mwenyewe nimeshona nguo za watu miaka yote. Lakini ile si kazi yako. Nenda kawaulize hao wanaopima vyeti vya nje."

"Nitakwenda, mama."

Akaenda kweli, kwa sababu kwenda kulikuwa rahisi kuliko kueleza kwa nini hataki kwenda.

Ofisi ya kutathmini vyeti ilikuwa juu ya duka la viatu. Mhudumu, dada mmoja aliyevaa sweta ya kijani, alivipokea vyeti, akavitazama mbele na nyuma, akauliza:

"Unataka tathmini ya jumla au ya somo kwa somo?"

"Yoyote."

"Yoyote hatuna, kaka." Akavuta karatasi mbili za mfano, akaziweka mezani. "Hii ya jumla ni ukurasa mmoja. Inasema umesoma nini, wapi, na kwa hapa elimu yako inalingana na ipi. Mwajiri wa kawaida inamtosha. Hii nyingine inachambua kila somo ulilosoma, saa zake na alama zake, inalinganisha na masomo ya hapa. Hiyo ni ya mtu anayetaka kuendelea na chuo, au anayetaka leseni ya taaluma. Inachukua muda, na chuo chako lazima kitume matokeo chenyewe. Hatupokei mkononi mwako."

"Nipe iliyo rahisi."

"Siyo suala la rahisi na ngumu, kaka. Unaipeleka wapi? Nani ataisoma?"

Hadubini akafikiri. Alitafuta jibu kwa uaminifu wote, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta funguo. Maabara? Hakuiona. Leseni? Hakuiona. Aliona meza ya jikoni tu, na mtu mmoja ameketi.

"Mama mkwe wangu," akasema.

Yule dada akacheka mpaka mwenzake wa dirisha la pili akageuka. "Basi, mama mkwe ya jumla itamtosha!"

Akaandika. Hadubini akatia sahihi, akashuka ngazi, akarudi kwenye shuka zake. Hakujua kama amefanya vizuri au vibaya, na hakujiuliza.

Tathmini ilipofika, mama alikuwa ameketi palepale mezani. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono, kwa hiyo akamsukumia karatasi.

"Nisomee. Inasema nini?"

"Inasema nilisoma."

"Hilo tulilijua kabla hujapanda ndege. Inasema nini kingine?"

"Inasema shahada yangu ni sawa na shahada ya hapa."

"Ahaa! Sasa umesema neno." Mama akasogeza birika mbali, akafuta meza kwa kiganja, akailaza karatasi ile kama mtu anayelaza kitoto. Jioni aliwapigia simu ndugu watatu, na kwa kila mmoja utukufu wa karatasi ukazidi kukua, hata wa mwisho akaambiwa kwamba serikali nzima imemtambua mkwe wake. Siku iliyofuata akampigia pasi shati jeupe, akamtuma kwenye baraza linalotoa leseni kwa wataalamu wa maabara.

Karani wa baraza alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Aliusoma ule ukurasa, akaugeuza nyuma, akakuta hakuna kitu, akaugeuza tena.

"Ni nzuri hii," akasema.

"Asante."

"Lakini hapa haina kazi." Hakusema kwa ubaya. "Angalia, bwana. Mimi nikiisoma hii najua una shahada. Sijui kama ulifundishwa kuhifadhi damu au kufuga kuku. Tunataka ya somo kwa somo, na saa za mafunzo ya vitendo ziwemo. Halafu hawa waliokufanyia hii hatuwatambui. Sisi tuna tunaowaamini, wawili tu. Ungeanza kwetu ukauliza, ndipo ukaenda kwao. Watu wengi wanaanzia nyuma."

"Sawa. Asante."

"Pole, bwana."

"Hakuna shida."

Na kweli hakuona shida. Kwenye ngazi alimkuta mtu mwingine aliyerudishwa kwa sababu kama yake, mtu mzima na mkoba wake, anapiga ukuta teke na kutukana baraza, karani, na aliyejenga jengo. Mate yanamruka. Hadubini akasimama kumtazama. Alimwonea wivu. Alitamani sana kuwa na hasira kama ile hata ya kuazima, arudishe kesho. Halafu akatazama saa, zamu yake ilikuwa inakaribia, akaenda.

Nyumbani aliieleza habari hiyo huku akivua viatu, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba balbu imeungua. Mama akawaka kwa niaba ya wote wawili.

"Haitambuliki? Sasa walikupa ya nini? Na wewe kwa nini hukuuliza kwanza?"

"Waliniuliza, mama. Yule dada aliniuliza naipeleka wapi."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia naileta kwako."

Mama akaweka kijiko chini. "Kwangu?"

"Ndiyo."

"Baba, mimi shahada yako nitaifanya nini? Niishonee kola?"

Hadubini akavisogeza viatu vyake ukutani. Mama akamtazama, safari hii usoni kabisa, jambo ambalo hawakuwa na desturi nalo. Alikuwa ameelewa kitu. Akanyanyuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Baada ya muda mkwe alimsikia akilia, kilio kirefu, cha mtu aliyekibana tangu siku ya maziko. Hadubini alikaa kwenye kochi akisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani: unasikia kila neno, na taarifa haikuhusu. Alijua kwamba alipaswa kubisha hodi. Alijiona akinyanyuka, akibisha, akisema neno. Lakini aliyekaa kwenye kochi hakunyanyuka.

Asubuhi mama alitoka macho yamevimba na sauti imenyooka.

"Nilikaa hapa nikidhani nakutunza," akasema. "Kumbe tumekuwa wagonjwa wawili, kila mmoja anamwambia mwenzake usiamke. Piga simu chuoni kwako."

Alipiga. Chuo chake cha zamani kilikuwa kimemezwa na chuo kikubwa zaidi, na kila aliyepokea simu alimwelekeza kwa mwingine. Aliambiwa aandike barua pepe, akaandika. Aliambiwa mhusika yuko likizo, akasubiri. Aliambiwa mhusika amerudi lakini stoo ya mafaili ya zamani imefungwa na mwenye ufunguo amehamishwa. Hadubini alipokea kila jibu kwa upole uleule. Angeweza kuendelea hivyo mpaka kustaafu. Mama ndiye aliyechoka.

"Simu haina macho," akasema. "Mtu akikusikia tu, anakuzima. Akikuona umeketi mlangoni kwake, atafanyaje? Nitakwenda mimi."

"Mama, ni safari ndefu."

"Wakati wa kuja niliijua." Akapanga vikombe vilivyokuwa vimepangika tayari. "Halafu nyumba yangu nayo imejaa vumbi."

Neno vumbi lilikuwa limebeba mzigo mzito, na wote wawili waliujua. Kuondoka kwa mama kulikuwa na maana kwamba hakuna tena mgonjwa wa kuuguza katika nyumba ile.

Kwenye uwanja wa ndege alimbebea begi mpaka kwenye kamba ya kuzuia wasindikizaji. Hapo mama alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimshika kifundo cha mkono, akakishikilia.

"Kaburi utaliangalia?"

"Nitaliangalia, mama."

"Usiliangalie tu. Palilia."

Akapalilia. Kila mapumziko ya juma alikwenda, akang'oa majani, akafuta jiwe, akarudi. Mikono ilifanya kazi, yeye mwenyewe hakuwepo.

Mama alipofika kwao hakuanza na vumbi. Alianza na ofisi ya msajili wa chuo, akiwa na mwavuli, chupa ya chai, na vazi alilokuwa akilishona kwa mkono. Simu ya kwanza ilimkuta Hadubini akisukuma toroli la shuka.

"Niko mlangoni kwa msajili. Ameniambia nirudi kesho. Nimemwambia, mwanangu, kwa umri wangu kesho ni mbali, acha niingojee hapahapa."

"Akasema nini?"

"Ameniletea kiti."

Alirudi siku baada ya siku. Makarani wakamzoea, wakawa wanamletea vifungo vilivyong'oka awashonee. Mmoja wao, ama kwa huruma ama kwa kutaka kiti chake, akamtafuta mwenye ufunguo mpaka akampata. Faili likaonekana stooni, limelaliwa na nyavu za mpira wa wavu.

"Sasa sikiliza," mama akasema kwenye simu siku hiyo, na nyuma yake mashine ya chapa ilikuwa ikilia. "Msajili anataka uhakikishe kwamba masomo yote yamo kabla hajafunga bahasha na kuituma kwa hao wapimaji. Nakusomea, wewe sema limo au halimo. Vimelea."

"Limo."

"Kemia ya mwili."

"Limo."

"Histo... histopa... Baba, hili ni somo au ni kikohozi?"

"Histopatholojia. Limo."

Hadubini alikuwa amesimama kwenye korido ya chini ya hospitali, bega lake kwenye ukuta wenye joto la mabomba. Masomo yalikuja moja moja kwa sauti ile ya fundi cherehani, kila moja limetamkwa upande, na kila moja lilikuwa na chumba chake, na harufu ya dawa zake za kutilia rangi, na kiti kilichoyumba.

"Elimu ya damu, mwaka wa tatu," mama akasoma.

Mwaka wa tatu walikuwa wakifanyia mazoezi kwenye kliniki ya chuo. Msichana mmoja alikuja kupimwa afya kwa ajili ya kazi. Yeye, kwa woga wa mwanafunzi, alimchoma kidole mara ya kwanza, damu haikutoka. Mara ya pili, haikutoka. Msichana akamtazama, akamwuliza: "Kaka, unatafuta damu au unachimba mafuta?" Mwanafunzi akacheka mpaka ikabidi aweke sindano mezani. Mwaka uliofuata walichumbiana.

Tangu mkewe afe, alikuwa akimkumbuka akiwa amekufa tu. Hii ilikuwa mara ya kwanza kumkumbuka akiwa hai.

"Baba, upo?"

"Nipo."

"Limo, halimo?"

"Limo."

"Naona hapa ulipata alama ya juu kuliko zote."

"Nilikuwa na furaha mwaka ule."

"Najua," mama akasema. "Ndio mwaka ambao mwanangu alianza kutopokea simu zangu."

Ganzi ikitaka kuachia, huuma. Kitu kilimchoma Hadubini chini ya mbavu, kikali, chembamba, akainama kama mtu aliyeteguka. Kisha kikapita. Msimamizi aliita kutoka ndani kwamba mashine ya pili imemaliza. Mama akaendelea na somo lililofuata, na Hadubini akajibu limo, limo, mpaka mwisho.

Safari hii tathmini ilifanywa na watu ambao baraza linawatambua, na ikatoka na kurasa nyingi. Aliisoma peke yake jikoni. Karibu masomo yote yalikubaliwa. Mawili hayakutosha: saa za benki ya damu zilikuwa pungufu, na sheria za afya za nchi hii, bila shaka, hakuwahi kuzisoma. Yule karani mwenye miwani ya kamba alizipitia kurasa zote bila haraka, akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa nakuona," akasema.

Alimwandikia asome masomo hayo mawili jioni, kisha afanye mtihani. Hadubini alisoma kama alivyokunja shuka, moja juu ya nyingine, bila hamu na bila kukosa. Alifaulu, wala hakung'ara. Siku alipoaga chumba cha kufulia, msimamizi alimpa mkono na kumshikilia.

"Kumbe kweli wewe ni hadubini! Sasa nani atatuonyesha madoa?"

"Mtayaona tu."

"Hatutayaona. Tulikuwa hatuyaoni hata kabla yako."

Maabara ya ghorofa ya tatu ilikuwa na madirisha makubwa na mkuu wake, mwanamke mmoja wa maneno machache, aliyempa koti jeupe lililodariziwa jina la mtu mwingine mfukoni na kumwambia lake litakuja. Akamwonyesha kiti. Hadubini akaketi, akaweka kioo, akazungusha kirungu cha kulia cha hadubini, kidogo nyuma, kidogo mbele, na damu ya mtu asiyemjua ikajipanga mbele yake ikiwa wazi kabisa. Mikono haikuwa imesahau chochote. Alisoma, akaandika, akachukua kinachofuata.

Alingojea furaha kama unavyongojea mgeni aliyesema yuko njiani. Mchana ukapita, zamu ikaisha, mgeni hakutokea. Hakushangaa sana. Alining'iniza koti la mtu mwingine, akateremka, akapita mlango wa chumba cha kufulia bila kuugeukia, na nje akampigia mama mkwe.

"Enhe! Kukoje huko juu?"

"Kuna madirisha."

"Hilo nalo ni jambo. Wamekupa kazi ya maana au umekaa kama pambo?"

"Nimesoma damu kutwa nzima, mama."

"Alhamdu..." Mama hakumalizia, akakohoa. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza mwanamume yule kwa maneno ya wazi. "Na moyo? Moyo unauonaje?"

Hadubini alisimama kwenye kibaraza cha hospitali, watu wakimpita kushoto na kulia. Safari hii alipotafuta jibu, alilipata.

"Bado, mama."

"Mimi pia bado," mama akasema. "Juzi nilicheka hapa na makarani wangu, nikanyamaza ghafla nikijiona mwizi. Halafu nikacheka tena." Akavuta pumzi. "Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Mkate."

"Mkate si kula, baba. Mkate ni kulidanganya tumbo."

"Nitapika."

"Utapika nini? Hebu niambie, nisikie."

Akaanza kumwambia, akitembea polepole kuelekea nyumbani, na mama akimsahihisha kila hatua, kwamba kitunguu kwanza, kwamba chumvi isiwe nyingi, mpaka simu ya mmoja wao ikaisha chaji.